Mfano Hai wa Kidato cha Tatu

Mwalimu wa sosholojia aliniita pungufu mbele ya wanafunzi arobaini na wawili, na mmoja wao alikuwa binti yangu. Kosa lenyewe ndilo hilo. Sikuibiwa, sikupigwa, wala sikutukanwa kwa hasira. Ningetukanwa kwa hasira ningejibu papo hapo, maana mdomo ninao. Niliitwa pungufu kwa upole, kwa sauti ya kufundishia, nikiwa mlangoni na dekio mkononi. Neno likaandikwa ubaoni kwa chaki nyeupe, likapigiwa mstari kwa chaki nyekundu, na jioni yake kulifuta ikawa kazi yangu.

Mimi ni mfanya usafi wa shule, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Sikusoma. Umri wa kusoma uliponifika nilikuwa nalea watoto wa watu. Herufi nimezijulia kwenye mbao za madarasa, kwa sababu huwezi kufuta kitu kila siku, miaka nenda miaka rudi, usijue unachofuta. Kwa hiyo mambo ya mwalimu huyu nayajua, na nitamweleza kama alivyo, isije ikaonekana namsema kwa sababu ya donge tu. Donge ninalo, sikatai.

Wanafunzi wanamwita Kwa Ujumla, maana hana sentensi isiyoanza hivyo. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakwambia kwa ujumla msimu huu huwa na mvua. Ukimwambia vifungo vya shati lake vimepishana, upande mmoja uko juu na mwingine chini, atakwambia kwa ujumla wanaume hawana mazoea ya kujitazama kwenye kioo. Ataondoka zake na shati litabaki vilevile.

Alifika shuleni miaka kumi na minne iliyopita, kijana mwembamba mwenye begi moja la nguo na masanduku mawili ya vitabu. Begi sijui liliishia wapi. Masanduku yako ofisi ya walimu mpaka leo, moja amelifanya kiti. Kila mwanzo wa muhula anachora ubaoni pembetatu kubwa, anaiita matabaka ya jamii. Juu kabisa anaandika wenye mamlaka. Chini, pale inapotanuka, anaandika wafanyakazi wa mikono, na kwenye mabano: wafagiaji, wabeba mizigo. Miaka kumi na minne ananiweka chini ya pembetatu, na miaka kumi na minne jioni ikifika naingia na kitambaa changu, namfuta yeye na pembetatu yake, nikianzia kwa wenye mamlaka.

Ana somo moja tamu sana kuhusu salamu. Anawaambia watoto kwamba salamu ndiyo gundi ya jamii, kwamba jamii ambayo watu wake hawasalimiani imeanza kuoza. Wanafunzi wanaandika mbio mbio. Kengele inalia, mwalimu anatoka na vitabu kwapani, ananipita koridoni kama anavyopita nguzo. Simlaumu sana kwa hilo. Hata nguzo yeye huwa hazioni. Juzijuzi aligonga moja akaiomba radhi.

Kuna mwaka alikwenda kusimama penye bomba la maji la mtaa, na daftari lake, kuchunguza watu wanavyopanga foleni na nani humruhusu nani apite mbele. Akasimama hapo asubuhi nzima anaandika. Kumbe watu walidhani ni mtu wa idara ya maji. Kufika saa tano foleni ya ndoo haikuwepo tena, ilikuwepo foleni ya kumwendea yeye. Huyu bomba lake limepasuka, yule kwake maji hayajatoka tangu wiki iliyopita. Wanawake watatu walimfuata mpaka nyumbani kumwonyesha uvujaji. Akaandika yote, akawaambia kwa ujumla tatizo ni la mfumo. Mmoja akamjibu, "Basi tuletee huo mfumo wenyewe tuuone."

Lakini kufundisha anajua, sitasema uongo. Watoto wanaolala kwenye hesabu wanaamka kwenye sosholojia. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akirudi nyumbani ananifundisha na mimi: mama, ulezi wako unaitwa ujamiishaji. Namwambia, ulezi wangu unaitwa osha vyombo kabla sijakasirika. Tunacheka. Alikuwa amesema akimaliza shule atasoma hilohilo somo mpaka mwisho wake.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, kipindi cha tatu. Kuna mtoto alimwaga maji koridoni, nami nikawa napiga deki mbele ya mlango wa kidato cha tatu. Ndani mwalimu anafundisha aina za familia. Akataja familia ya watu wengi, akataja ya watu wachache, kisha akaandika: familia pungufu. Akasema ni familia ambayo mzazi mmoja hayupo, nafasi yake imebaki wazi, na kazi zake hazifanyiki.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, kama ipi?"

"Kwa ujumla hatuna haja ya kwenda mbali," akasema, na mkono wenye chaki ukanyooka mpaka mlangoni. "Mama yetu wa usafi pale ni mfano hai."

Vichwa vyote vikageuka kunitazama. Kisha, kama upepo umebadilika, vikageuka tena kumtazama binti yangu, mstari wa tatu, karibu na dirisha. Mwalimu hakuona kitu. Alishageukia ubao anapiga ule mstari mwekundu.

Niseme na upande wangu. Mume wangu aliondoka binti huyu akiwa na miaka minne. Alichukua redio, koti lake na kufuli la mlango. Mpaka leo sijui kufuli alilitakia nini. Nilibaki na wanangu wa kiume wawili, ambao sasa wana kazi zao, na huyu kitindamimba. Nafasi haikubaki wazi hata siku moja, niliikalia mimi. Nyumbani kwangu hakikupungua kitu ila kukoroma.

Kesho yake nikawa na jina jipya. "Shikamoo, Mfano Hai!" Wanafunzi wakipita na ndoo zao, "Mfano Hai, tumwage wapi?" Hilo nililimeza, mimi ni mtu mzima. Kilichonikaa rohoni ni kwamba binti yangu naye alipata lake. Pungufu. Pungufu, nipe kalamu. Pungufu, sogea kidogo nione ubao. Watoto wa umri huo hawana huruma, na hawana hata ubaya. Wanafurahia neno jipya tu, kama viatu.

Wiki ya tatu nilikwenda stoo kuchukua sabuni, nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, katikati ya mafagio, anasoma kitabu cha jiografia.

"Hiki ni kipindi gani?" nikamuuliza.

"Sosholojia."

"Na hapa ndipo kinapofundishwa?"

"Mama, niache."

"Umekosa vingapi?"

Akahesabu kwa vidole, kama hajui, na alikuwa anajua. "Vitano."

Hapo moyo ulinishuka. Kanuni ya shule imebandikwa ukutani na kibandiko chake ni mimi ninayekipangusa vumbi: anayekosa vipindi kumi vya somo lolote bila ruhusa, jina lake halipelekwi kwenye mtihani wa mwisho wa somo hilo. Vilibaki vitano, na somo ni mara mbili kwa wiki. Nikamwambia arudi darasani. Akaniambia atarudi siku neno lile litakapoondolewa na aliyelileta. Nikamwambia ana kichwa kigumu. Akanijibu kwamba amejamiishwa hivyo.

Ndipo nikaenda ofisi ya walimu, mchana, nimevua aproni. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake anasahihisha.

"Mwalimu, nina neno na wewe."

"Karibu mama. Kwa ujumla nina dakika tano."

"Moja inatosha. Mimi si pungufu."

Walimu wengine wakainua macho. Yeye akatabasamu, tabasamu la kumwelewesha mtu taratibu. "Mama, usilichukue kama lako. Sisi hatuzungumzii mtu, tunazungumzia jamii."

"Ulininyooshea mkono. Ulifika kwa mtu."

Mwalimu wa hesabu akakohoa ndani ya kikombe cha chai.

"Ni istilahi tu," akasema. "Iko kitabuni."

"Kifungue."

Akasimama, akafungua sanduku alilokuwa amelikalia, akatoa kitabu, akatafuta ukurasa. Alitafuta sana. Kisha akasoma kimya kimya, na nikaona midomo yake inapita juu ya maneno. Nami kusoma juu chini nimezoea, watoto huniachia karatasi sakafuni zimegeuka kila upande. Kitabu kilisema: familia ya mzazi mmoja. Basi. Pungufu haikuwemo. Alilitia mwenyewe, miaka hiyo, alipokuwa anafupisha nukuu zake ili zitoshe ubaoni. Familia ya mzazi mmoja ni maneno manne. Familia pungufu ni mawili. Nilifanywa pungufu kwa kubana nafasi.

"Kwa ujumla maana ni ileile," akasema.

"Binti yangu haingii darasani kwako kwa ajili ya hiyo maana."

"Binti yako yupi?"

Walahi aliniuliza hivyo. Amemfundisha mwaka mmoja na nusu. Nikamweleza anapokaa, mstari wa tatu, dirishani. Akasema atalitazama. Hakulitazama. Vipindi vilivyokosekana vikafika saba, vikafika vinane.

Hapa lazima nimlete mama yake. Mwalimu huyu anaishi na mama yake, bibi mdogo wa umbo, mkali wa macho, anayetembea kama anakimbizana na kitu. Karibu kila siku ya shule huja mchana kumletea mwanawe alichosahau: miwani, funguo, siku moja kiatu, maana mwalimu alikuja amevaa viwili visivyofanana. Akishampa, hukaa na mimi kwenye benchi nyuma ya stoo, tukinywa chai. Mimi namwita mama, yeye ananiita mwanangu. Mwalimu naye, bibi humwita baba, kama akina mama wengi wanavyowaita watoto wao wa kiume. "Baba kaondoka bila miwani," atasema. "Atafundisha nini leo, atafundisha ukungu?"

Siku ya kipindi cha nane ukuta wa stoo ulikuwa na sikio. Binti yangu alikuwa ndani na jiografia yake, na bibi akawa ananisimulia kama kawaida yake: jinsi baba yake mwalimu alivyokwenda kununua kiberiti mwanawe akiwa tumboni, na hicho kiberiti hakijafika mpaka leo. Jinsi alivyoshona nguo za watu mpaka vidole vikapinda ili kijana asome. Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi. Nakiri sikuwahi kuyaweka pamoja na lile neno. Binti yangu aliyaweka.

Ubaoni jioni hiyo kulikuwa na kazi ya kidato cha tatu, nami nikaisoma kabla ya kuifuta: kila mwanafunzi amhoji mtu mzima mmoja juu ya maisha ya familia yake, aandike aina ya familia hiyo na sababu, aje kuisoma mbele ya darasa Jumanne. Ina maksi ishirini. Nikampelekea binti yangu habari, nikidhani nitambembeleza sana.

"Nitaifanya," akasema, harakaharaka mno.

Kesho yake mchana akatoka stoo na daftari, akapiga goti mbele ya bibi. "Shikamoo bibi. Naomba nikuhoji kwa kazi ya shule."

"Marahaba mjukuu wangu. Mimi nina nini cha kuhojiwa?"

Binti yangu hakumficha. Alimweleza kila kitu, neno lenyewe, mkono ulivyonyooka, na aliyelisema. Mimi nilikuwa namkonyeza anyamaze, jicho likataka kunitoka. Bibi alisikiliza huku anazungusha kikombe. Alipomaliza, akauliza, "Yaani kwa neno la baba, mimi nami ni pungufu?"

"Kwa nukuu zake, ndiyo bibi."

Bibi akaweka kikombe chini. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika benchi. "Andika," akasema. "Andika hivyohivyo, usibadilishe. Nataka kuona atanipa maksi ngapi."

Jumanne ikafika. Nilipata sababu ya kupiga deki koridoni ingawa koridoni palikuwa pakavu kama biskuti. Wanafunzi wakasoma zao, huyu mjomba, yule mlinzi. Binti yangu aliposimama darasa lilishtuka kidogo, walikuwa wamezoea kiti kitupu. Akafungua daftari.

"Mhojiwa wangu ni mwanamke wa miaka sitini na minane, fundi wa kushona. Mume wake aliondoka kabla mtoto hajazaliwa. Alimlea mtoto peke yake. Alikuwa akishona huku mtoto amekaa chini ya meza, anacheza na vipande vya vitambaa, anavipanga kwa makundi. Mtoto hakuwahi kufukuzwa shule kwa kukosa ada. Aina ya familia: pungufu. Sababu: mzazi mmoja hayupo, nafasi yake imebaki wazi, na kazi zake hazifanyiki. Mtoto huyo sasa ni mwalimu wa sosholojia katika shule hii."

Vichwa vyote vikageuka, safari hii kumtazama mwalimu. Kisha mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na darasa zima likapasuka kwa kicheko.

Mwalimu alikuwa amesimama na chaki. Nilimwona uso kupitia mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikaona mtu anayefikiria kitu kimoja tu. Kicheko kilipotulia akasema, si kwa sauti ya kufundishia, "Mama yangu si mfano. Mama yangu ni mama yangu."

"Na wangu, mwalimu?" binti yangu akamuuliza.

Akatazama saa. Kengele ilikuwa bado. Akawaambia wafungue nukuu za aina za familia, wakate neno pungufu, waandike juu yake: ya mzazi mmoja. Nikasikia kalamu arobaini na mbili zinakata. Binti yangu akakaa kwenye kiti chake, na kipindi kilichofuata alikuwepo, na kilichofuata pia. Jina lake limepelekwa kwenye mtihani. Pungufu hawamwiti tena. Sasa wanamwita Mtafiti, nalo analipenda kuliko anavyotaka kuonyesha.

Kazi yake ilirudi na maksi kumi na nane. Mbili zilikatwa, na pembeni kwa wino mwekundu mwalimu ameandika: Mtafiti hajaficha utambulisho wa mhojiwa. Nilisoma mstari ule mara tatu. Bibi alipoonyeshwa akasema mwanawe amemnyima maksi mbili mama yake mzazi, na jioni hiyo hakumpigia shati pasi. Kesho yake tulimwona amekunjika kama karatasi ya pipi.

Baada ya siku chache mwalimu alinijia bombani nikiwa nasuuza dekio. Alinisalimia kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza, nikaiweka akilini.

"Mama," akasema, "kwa ujumla, kama yupo yeyote aliyeguswa na maneno yangu, naomba radhi."

"Yeyote huyo simjui," nikamwambia. "Mimi unanifahamu?"

Akashusha pumzi. "Nakuomba radhi wewe."

"Sawa. Lakini ulinisema mbele ya watu arobaini na wawili, unaniomba radhi mbele ya ndoo."

Akaitazama ndoo, kana kwamba itamtetea. Akasema nina haki, na kwamba atasimama darasani Jumanne na kusema. Jumanne hiyo alikuwa na mkutano. Iliyofuata walirudia pembetatu. Iliyofuata alinitazama mlangoni, akafungua kinywa, akasafisha koo, akafundisha mabadiliko ya kijamii. Ananisalimia kila siku, ananiuliza hali ya miguu yangu, juzi alinibebea ndoo mpaka ngazini akajimwagia nusu. Si mtu mbaya. Ni mwoga wa kusema jambo dogo mbele ya watu, na jambo hilo dogo ndilo langu.

Maana neno pungufu walilikata, lakini mstari wa chini yake hakuna aliyeambiwa aukate. Nimeuona kwenye madaftari yaliyosahauliwa madawatini: Familia ya mzazi mmoja. Mfano: mama wa usafi wa shule yetu. Hakuniuliza kabla ya kuniandika humo, wala hakunificha, na yeye ndiye anayejua kumkatia mtoto maksi kwa kosa hilohilo.

Kidato cha tatu watakuwa cha nne, kisha watatawanyika na madaftari yao. Nasubiri mwalimu wa sosholojia asimame mbele ya wale arobaini na wawili, mimi nikiwa mlangoni, aseme kwamba nyumba yangu hakuijua, kwamba alikosea kuitolea mfano, na kwamba waufute ule mstari. Ni dakika moja. Mama yake ameshalipa sehemu yake kwa kicheko, na binti yangu amelipa kwa vipindi vinane kwenye ndoo iliyogeuzwa. Aliyebaki ni yeye.